Kuchomelea Stenlesi na Chuma cha Kawaida Bila Mshono Kupasuka: Mwongozo Kamili

Malalamiko yanayorudi kila mara ni yale yale. Mshono ulipendeza ulipomalizika, kesho yake una ufa katikati kutoka mwanzo hadi mwisho. Au haukupasuka, lakini baada ya mvua chache ukashika kutu wakati bamba la stenlesi lenyewe linang'aa. Au bamba limejikunja na mlango haufungi tena.

Wengi hulaumu mashine au mkono wa fundi. Kwa kweli kosa kubwa hutokea kabla moto haujawashwa, kwa sababu mtu amefikiri anaunganisha metali mbili. Anaunganisha tatu. Mshono wenyewe ni metali mpya, mchanganyiko wa rodi na kile kilichoyeyuka kutoka pande zote mbili, na mchanganyiko huo una tabia zake. Ukiutawala, kazi inashika. Usipoutawala, hata mkono mzuri hauokoi.

Mwongozo huu ni wa stenlesi aina ya 304 au 316 na chuma cha kawaida chenye kaboni kidogo, unene wa milimita 2 hadi 10, kwa mashine ya rodi. Mwishoni nimegusia MIG (mashine inayojilisha waya yenyewe) na TIG (unaongeza waya kwa mkono), zote zikitumia gesi ya kukinga mshono, pamoja na jozi nyingine za metali.

## Vitu vya kuandaa

- Rodi za E309L-16 au E309L-17, za milimita 2.5 na 3.2, kutoka pakiti iliyokuwa imefungwa vizuri.
- Mashine ya kuchomelea, ikiwezekana ya DC (umeme wa mkondo mmoja) badala ya AC (mkondo geu).
- Grenda na diski mpya. Tenga diski za stenlesi peke yake.
- Brashi ya waya wa stenlesi, ambayo haijawahi kugusa chuma cha kawaida.
- Asetoni na vitambaa safi.
- Sumaku ndogo.
- Chaki ya kupimia joto, ambayo huyeyuka metali ikifikia joto lililoandikwa juu yake, au kipima joto cha kugusa.
- Klampu, jiliwa, nyundo ya kugongea gamba, yaani tabaka gumu ambalo rodi huliacha juu ya mshono.
- Kofia ya kuchomelea, miwani safi ya kuvaa ndani yake, glavu za ngozi, na barakoa yenye vichujio vya P3 au P100.
- Vipande chakavu vya metali zile zile utakazounganisha. Usianze bila hivi.

Brashi na diski si mahali pa kubania pesa. Diski iliyosaga chuma cha kawaida hupachika chembe za chuma kwenye uso wa stenlesi. Chembe hizo hushika kutu, na mteja ataona stenlesi "feki" ilhali metali ilikuwa halisi.

## Hatua ya 1: Hakikisha unajua metali ulizonazo

Anza na sumaku. Chuma cha kawaida huivuta kwa nguvu. Stenlesi ya 304 na 316 haiivuti, au huivuta kidogo sana pale ilipokunjwa au kukatwa. Ikiwa bamba linang'aa na bado linavuta sumaku kwa nguvu, huenda ni stenlesi ya aina ya 430. Hiyo nayo huunganishwa kwa 309L, lakini huvumilia joto vibaya zaidi, hivyo ichomelee kwa ampea za chini.

Kisha gusa kwa grenda uone cheche. Chuma cha kawaida hutoa cheche ndefu za rangi ya njano inayoelekea nyeupe. Stenlesi hutoa fupi zaidi, chache, za rangi ya chungwa. Chuma chenye kaboni nyingi, kama springi za gari au vyombo vya kukatia, hulipuka vinyota vingi mwishoni mwa cheche.

Onyo: ukikuta vinyota vingi, simama. Chuma hicho hugeuka kigumu na chenye kukatika kando ya mshono kikipoa haraka. Kinahitaji kupashwa joto kabla, na hatua zilizo hapa chini hazitoshi.

## Hatua ya 2: Chagua rodi kwa hesabu, si kwa mazoea

Hapa ndipo kazi nyingi hufia, kwa hiyo tukae kidogo.

Unapochomelea kwa rodi, sehemu ya mshono hutoka kwenye rodi na sehemu hutoka kwenye metali zilizoyeyuka pembeni. Kwa kazi ya kawaida chukulia kwamba asilimia 70 ni rodi, asilimia 15 ni stenlesi na asilimia 15 ni chuma cha kawaida. Stenlesi ya 304 ina kromiamu karibu asilimia 18 na nikeli karibu 8 au 9. Chuma cha kawaida hakina chochote kati ya hivyo.

Ukitumia rodi ya chuma cha kawaida, E6013 au E7018, mshono utapata kromiamu kama asilimia 3 tu, iliyotoka kwenye stenlesi. Kiasi hicho hakitoshi kuzuia kutu, lakini kinatosha kuufanya mshono uwe mgumu na wa kukatika unapopoa. Ndiyo maana ufa hutokea hata baada ya kazi kuisha, metali inapovutana.

Ukitumia E308L, rodi ya kuunganisha stenlesi na stenlesi, unafika kromiamu kama asilimia 17 na nikeli kama 8. Uko mpakani. Chuma cha kawaida kikiyeyuka zaidi kidogo, unaangukia upande wa metali ngumu. Kuna watu waliofanikiwa kwa 308L mara kadhaa wakaiamini, kisha siku moja ampea zikapanda na kazi ikapasuka.

E309L imetengenezwa na akiba: kromiamu karibu asilimia 23 hadi 24 na nikeli karibu 13. Ukiichanganya kwa kiasi kile kile unabaki na kromiamu kama asilimia 19 na nikeli zaidi ya 10, yaani mshono unaofanana na stenlesi yenyewe. Ile L maana yake kaboni ni kidogo, jambo linalopunguza kutu ya kando ya mshono.

Kwa 316 inayokaa kwenye chumvi au kemikali, tafuta E309LMo. Kwa chuma usichokijua vizuri, E312 ni rodi ya akiba nzuri, kwani ina kromiamu karibu asilimia 29 na huvumilia uchafuzi zaidi.

Onyo: ikiwa kiungo kitakaa kwenye joto la zaidi ya nyuzijoto 400 hivi kwa muda mrefu, kama bomba la mvuke au sehemu ya tanuri, usitumie 309L. Kaboni huhama polepole kutoka chuma cha kawaida kuingia kwenye mshono, na tofauti ya kutanuka hukichosha kiungo. Huko hutumika rodi za nikeli kama ENiCrFe-3.

## Hatua ya 3: Safisha mpaka upitilize

Ondoa rangi, kutu, mafuta na gamba jeusi la kiwandani kwenye chuma cha kawaida, angalau milimita 25 kutoka ukingo, pande zote mbili za bamba. Upande wa stenlesi, pangusa kwa asetoni kisha piga brashi ya stenlesi. Anza na asetoni, kwa sababu brashi ikitangulia huyasambaza mafuta na kuyasukuma ndani ya mikwaruzo. Iache asetoni ikauke kabisa na chupa yake ipeleke mbali kabla ya kuwasha moto.

Mabati na mabomba yenye zinki yana hatari mbili. Moshi wa zinki husababisha homa na baridi ya mwili saa kadhaa baadaye. Na zinki iliyoyeyuka ikigusa stenlesi yenye moto hupenya ndani yake na kuipasua. Saga zinki yote hadi uone chuma kitupu. Rangi yenye zinki ina madhara hayo hayo.

Onyo kali: usisafishe kamwe kwa dawa ya kusafishia breki yenye klorini. Mabaki yake yakipigwa na mwanga na joto la kuchomelea hutengeneza fosijini, gesi inayoweza kuua.

Umefaulu ikiwa: kitambaa cheupe kilichopitishwa kwenye ukingo kinabaki cheupe.

## Hatua ya 4: Chonga kingo na panga vipande

Bamba la milimita 3 au chini halihitaji kuchongwa. Acha nafasi ya milimita 1 hadi 2 tu. Kuanzia milimita 4, chonga umbo la V lenye jumla ya nyuzi 60 hadi 70, acha ukingo mdogo butu wa milimita 1 hivi chini, na nafasi ya milimita 2 hadi 3 kati ya vipande.

Watu huruka kuchonga ili kuokoa muda, kisha huongeza ampea ili moto uzame. Matokeo yake ni kuyeyusha chuma cha kawaida kingi na kuvuruga ile hesabu ya hatua ya 2. V iliyo wazi hujazwa na rodi, na rodi ndiyo metali unayoitaka iwe nyingi.

Panga pia kwa kujua kwamba stenlesi itatembea. Hutanuka karibu mara moja na nusu ya chuma cha kawaida, na hupitisha joto kwa theluthi moja hivi tu. Joto linabaki palepale ulipochomelea, upande mmoja unatanuka na mwingine hautanuki vile. Funga kwa klampu imara, au inamisha vipande kidogo kwa upande wa kinyume ili vikivutwa vinyooke.

## Hatua ya 5: Seti mashine

Kwa DC, rodi iwe kwenye chanya. Rodi za -16 na -17 hufanya kazi pia kwa AC ikiwa mashine ina volti za kutosha kuwasha.

Kwa rodi ya milimita 2.5 anza na ampea 60 hadi 75. Kwa milimita 3.2 anza na 80 hadi 105. Soma pia pakiti, kwani watengenezaji hutofautiana. Rodi ya stenlesi huhitaji ampea chache kuliko ya chuma cha kawaida ya unene ule ule. Ikizidishiwa huwa nyekundu urefu wote kabla ya kuisha, na maganda yake huharibika.

Jambo moja huwachanganya wengi: moto hukataa kukaa katikati na hukimbilia upande mmoja. Sababu ni sumaku. Chuma cha kawaida huvuta usumaku unaotengenezwa na umeme wa DC, stenlesi haivuti, hivyo moto huyumba. Fupisha umbali wa rodi, hamisha klampu ya ethi mwisho mwingine wa kazi, au gawanya ethi pande zote mbili. Ikishindikana, badili kwenda AC.

## Hatua ya 6: Jaribu kwenye chakavu, kisha uvunje

Chomelea kipande cha stenlesi kusimama juu ya kipande cha chuma cha kawaida, mshono wa upande mmoja, urefu wa sentimita 8 hivi. Kiache kipoe. Kifunge kwenye jiliwa na kukipiga nyundo mpaka kijikunje juu ya mshono.

Umefaulu ikiwa: kinajikunja sana kabla ya kuachia. Umeshindwa ikiwa: kinakatika ghafla kwa sauti kavu, na uso uliovunjika unang'aa kama punje. Hapo ama rodi si sahihi, ama ampea ni nyingi, ama chuma chako kina kaboni nyingi. Rudi nyuma. Kipande chakavu kikikatika hujapoteza kitu.

## Hatua ya 7: Shikiza kwa karibu

Piga nukta za kushikiza kwa rodi ile ile ya 309L. Kushikiza kwa E6013 "kwa sababu zitafunikwa" ni kuzika kipande cha metali ngumu ndani ya mshono mzuri.

Zikaribiane zaidi ya ulivyozoea kwenye chuma cha kawaida. Kwenye bamba jembamba, kila sentimita 4 hadi 5. Anza miisho miwili, kisha katikati, kisha gawanya nafasi zilizobaki. Saga kila nukta iwe na mteremko laini, na ukiona yenye ufa iondoe yote.

## Hatua ya 8: Chomelea

Vaa barakoa na fungua hewa kabla ya rodi ya kwanza. Moshi wa stenlesi hubeba kromiamu ya aina ya sita, inayosababisha saratani. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, limeweka moshi wa kuchomelea wa aina zote kwenye kundi la vitu vinavyothibitishwa kusababisha saratani kwa binadamu. Kunywa maziwa baada ya kazi hakuondoi chochote mapafuni. Kinachokulinda ni kutouvuta.

Weka rodi karibu, umbali usiozidi unene wake. Elekeza moto katikati ya kidimbwi cha chuma kilichoyeyuka na uache kidimbwi chenyewe kilambe kingo zote mbili. Usitie moto moja kwa moja kwenye ukingo wa chuma cha kawaida na kukaa hapo, maana unachimba usichokihitaji.

Nenda mstari ulionyooka. Kuyumbisha rodi kwa upana kunaongeza joto. Mshono usipanuke kuliko mara mbili na nusu ya unene wa rodi. Ukihitaji kujaza zaidi, piga mistari kadhaa myembamba.

Chomelea vipande vifupi vya sentimita 5 hadi 8, ukiruka kutoka sehemu moja hadi nyingine. Kabla ya kurudia mahali, joto lake liwe chini ya nyuzijoto 150. Chaki ya joto itakuambia. Mkono na mate havipimi. Joto likipanda zaidi, bamba hupinda na stenlesi hukaa muda mrefu kati ya nyuzijoto 425 na 850, ambako kaboni huinyang'anya kromiamu yake.

Mwishoni mwa kila mstari usinyanyue rodi ghafla. Rudi nyuma kidogo, jaza shimo, ndipo ukate moto. Shimo lililoachwa tupu hupasuka kwa umbo la nyota, na ufa huo hutembea.

Onyo: gamba la rodi za stenlesi hujirusha lenyewe likiwa la moto, hata sekunde kadhaa baada ya kumaliza. Ukinyanyua kofia mapema bila miwani, linaingia jichoni.

Ondoa gamba lote kati ya mstari na mstari.

## Hatua ya 9: Acha ipoe, kisha kagua

Usimwagie maji. Upande wa stenlesi ungevumilia, ila eneo la chuma cha kawaida lililopashwa joto kando ya mshono huwa gumu zaidi likipozwa ghafla.

Ikishapoa, pitisha sumaku juu ya mshono. Mshono mzuri wa 309L huvuta kidogo, karibu usiuhisi. Ukivuta kwa nguvu kama chuma cha kawaida, umeyeyusha chuma kingi mno. Jaribu hili mbali kidogo na ukingo wa chuma chenyewe, lisije likakudanganya.

Kwa kazi yenye uzito au shinikizo, tumia rangi ya kupenya inayofichua nyufa: unaipaka, unasubiri muda ulioandikwa kwenye kopo, unafuta, kisha unanyunyiza unga mweupe. Mstari mwekundu unaojitokeza ni ufa.

Ukikuta ufa, usipige mshono juu yake. Utaufunika na utarudi. Usage wote mpaka uishe, ukizidisha milimita 10 hivi kila upande, hakiki tena kwa rangi, ndipo uanze upya kwa 309L.

## Hatua ya 10: Zuia kutu ya baadaye

Rangi ya joto kwenye stenlesi inasema mengi. Njano hafifu ni nzuri, bluu ni onyo, kijivu au nyeusi ni dalili kwamba uso umepoteza kinga. Iondoe kwa diski ya stenlesi au kwa jeli ya asidi ya kusafishia stenlesi. Jeli hiyo huwa na asidi ya haidrofloriki, inayopenya ngozi hadi kwenye mfupa. Kama huna glavu za kemikali, kinga ya uso na maji mengi karibu, tumia diski.

Halafu kuna kutu ya jozi. Metali hizi mbili zikiloana pamoja, chuma cha kawaida huliwa haraka zaidi ili stenlesi isalimike, hasa kipande cha chuma kikiwa kidogo na stenlesi ikiwa kubwa. Paka rangi chuma, mshono, na sentimita 5 hivi za stenlesi pia. Ukipaka chuma peke yake, mkwaruzo mmoja kwenye rangi utaliwa kwa kina.

## Ukiwa na MIG au TIG

Kanuni ni ile ile. Waya uwe ER309L au ER309LSi. Kwa MIG, gesi iwe agoni yenye asilimia 2 hivi tu ya kaboni dioksidi. Mchanganyiko wa asilimia 25 unaotumika kwenye chuma cha kawaida huongeza kaboni na kuunguza uso. Kwa TIG tumia agoni tupu, na kwenye mabomba jaza agoni ndani pia, la sivyo upande wa ndani utatoka mweusi wenye chembechembe. TIG ina mtego wake: ni rahisi kuyeyusha kingo bila kuongeza waya. Ongeza waya kila wakati.

## Jozi nyingine ambazo watu huuliza

Chuma cha kusubu na chuma cha kawaida. Tumia rodi za nikeli, ENi-CI au ENiFe-CI. Piga vipande vya sentimita 2 hadi 3, gongagonga kila kimoja kwa nyundo kikiwa bado cha moto, na uache kazi ipoe polepole ikiwa imefunikwa kwa mchanga mkavu.

Shaba na chuma. Shaba huyeyuka kwa nyuzijoto 1085 na hukimbiza joto haraka sana, hivyo ni bora kuiunganisha bila kuyeyusha chuma, kwa fedha ya kulehemia. Shaba na stenlesi zina hatari zaidi, kwani shaba iliyoyeyuka hupenya stenlesi na kuipasua.

Alumini na chuma. Usijaribu kwa rodi, MIG wala TIG. Alumini huyeyuka kwa nyuzijoto 660 na chuma kwa zaidi ya 1500, lakini hata joto lingelingana, mchanganyiko wao hutengeneza tabaka linalovunjika kwa kugongwa tu, na hakuna rodi inayolizuia. Funga kwa bolti au riveti ukitenganisha metali kwa rangi na plastiki. Viwanda vya meli hutumia mabamba maalumu yaliyogandishwa kiwandani, alumini upande mmoja na chuma upande wa pili, kisha kila upande huchomelewa na metali ya aina yake.